Maziwa ya Harusi Kwenye Rejeta

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinichukua kwa gari lake kutoka Haneti kwenda Makutupora, kumjulia hali mama yangu mdogo. Mjukuu huyu anafanya kazi ofisi moja pale mjini Dodoma. Gari lake dogo, jeupe, ndani linanukia kama duka la sabuni. Tukiwa katikati ya safari taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Akasimama pembeni ya lami, akafungua boneti, moshi ukampiga usoni, halafu akaja dirishani kwangu.

"Bibi, huna maji hapo kwenye mkoba?"

Nikafungua mkoba. Nilikuwa na chupa moja tu, nayo ya mtindi, zawadi ya kumpelekea mama mdogo. Nikaitoa nikamwonyesha, halafu nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka kilemba kikadondoka. Yule mtoto akadhani nimepatwa na kitu, akashika simu ampigie mama yake.

"Usimpigie mtu," nikamwambia. "Ila mtindi huu humo hauingii. Sisi tulishajaribu."

Basi na wewe kaa vizuri nikueleze kilichonichekesha. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoongea, na nikipotea njia nisubiri, huwa narudi.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi, kwetu hatukuihesabu sana. Nilikaa kwa bibi mzaa mama, hapo hapo Haneti, kwenye tembe ya udongo yenye paa bapa. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele, jioni ugali na mlenda, na mlenda wa bibi ulikuwa unavutika kutoka bakulini mpaka mdomoni bila kukatika, mtu asiyeuzoea anaweza kumaliza sahani nzima hajui kama ameanza kula. Siku hizi wananiuzia mlenda wa pakiti. Haya, tuyaache.

Bibi alikuwa mpiga ngoma. Kwetu ngoma ile kubwa, muheme tunaiita, wanaopiga ni wanawake. Mama anaibana katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja. Na kila mpigaji ana mkono wake, kama mtu alivyo na sauti yake. Mkono wa bibi ulikuwa hivi: anapiga mara tatu, nzito, halafu ananyamaza. Kidogo tu, lakini unadhani amesahau. Ndipo inakuja ya nne. Ile ya nne watu waliisubiri wamekunja magoti, na ikitua, vumbi linapanda mpaka hamuonani. Nimesikia wapigaji wengi tangu hapo, na redio nimesikiliza. Sijamsikia mwingine aliyethubutu kunyamaza namna ile.

Ngoma ya ngozi nayo inataka joto. Ikilala kwenye ubaridi inakuwa kama mtu mwenye mafua, inasema "bu, bu" basi. Lazima iote moto au ianikwe juani mpaka ngozi ikaze. Liweke hilo akilini, nitalihitaji mbele.

Binti zake watatu wakubwa, mama yangu akiwemo, bibi aliwatoa nyumbani kwa ngoma hiyo walipoolewa. Alibaki wa mwisho, ndiye huyu mama mdogo. Naye alikwenda Makutupora kuvuna zabibu, msimu mmoja tu, alisema. Msimu ukaisha hakurudi. Tukasikia amepata mwanamume, mkata matawi ya mizabibu, mtu asiye na ng'ombe hata mmoja wa kumfunga kamba. Bibi akasimama mbele ya majirani, mkono kiunoni, akasema, "Binti huyo mimi sina." Ikapita misimu miwili. Jina la mama mdogo halikutajwa ndani ya tembe ile, na hata ng'ombe wake, yule wa kijivu aliyepewa akiwa mtoto, tulimwita tu "yule pale".

Halafu siku moja jirani aliyekwenda kuuza kuku huko akaja akasimama mlangoni, amefumba macho ili asisahau alichotumwa.

"Anasema hivi. Harusi ni Jumamosi, kanisani. Anasema mama aje na ngoma. Anasema asipokuja atajua kweli hana binti."

Bibi akamtazama. "Umekula?" akamuuliza. Hilo ndilo jibu pekee alilotoa.

Nilidhani ameshakataa. Lakini kesho yake nilimkuta nyuma ya tembe anakitengeneza kile kibuyu chake kikubwa cha maziwa. Kibuyu cha maziwa kwetu hakioshwi kwa maji, kinaoshwa kwa moto. Unatumbukiza vijinga vya mti maalumu ndani yake, unakitikisa, kinaiva moshi, na weusi wake unabaki humo, ndio unaoyapa maziwa harufu. Akakamua yule ng'ombe wa kijivu mwenyewe, siku tatu, hakutaka mtu mwingine amguse. Kwenye nyumba yetu aliyekosana na mzazi halafu akaletewa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe alijua yamekwisha. Hakuna aliyetaka maelezo zaidi.

Jumamosi alfajiri tulikuwa barabarani, mimi na bibi, kibuyu na ngoma. Harusi ilikuwa saa nne. Lori la kupeleka karanga mjini lilipita pale kila Jumamosi, lingetushusha Makutupora mapema kabisa, tungeota moto, ngoma ingeamka, mambo yangekuwa safi. Ndivyo bibi alivyopanga.

Dereva wa lori alikuwa mtu wa Tabora, mtani wetu, kwa hiyo kutukanana kulikuwa halali. Akaja ameshika dumu la maji alilotoka kulijaza kisimani.

"Shikamoo Bibi. Hicho kinu unakipeleka wapi?"

"Marahaba. Kinu ni kichwa chako. Hiyo ni ngoma, na haikai chini ya magunia."

"Itakaa wapi sasa, niipakate?"

"Ungekuwa na mapaja ya maana ningekupa. Ipandishe juu, ikae na mimi."

"Wagogo bwana! Mtu anasafiri na kelele zake!"

Wakabishana hivyo, mpaka dereva akaweka dumu chini, akainyanyua ngoma mwenyewe akaipandisha juu ya magunia. Akakung'uta mikono vumbi, akaingia ndani, akawasha gari. Dumu likabaki pale chini. Mimi nililiona. Nakiri leo kwa sababu wote niliokuwa nawaogopa wameshatangulia: nililiona likibaki nikadhani amemchotea mwenye nyumba ya jirani, nikanyamaza.

Juu ya magunia tulikuwa watatu, mimi, bibi, na babu mmoja mwenye jogoo kwenye tenga. Jogoo yule kila tukirushwa na shimo aliwika. Babu akawa anaomba radhi kila mara, "Samahani, anadhani kumekucha." Harufu ya karanga mbichi na dizeli na moshi wa kibuyu, upepo mdomoni. Bibi amekumbatia kibuyu kama mtoto mchanga. Nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu, nikaona hata kuolewa kwenyewe ni kitu kizuri kama watu wanapandishwa lori.

Jua lilipokuwa limeinuka vizuri tukafika kwenye korongo moja, ile mito yetu ya mchanga isiyo na maji. Pale pale mbele ya gari pakatoa mluzi, halafu moshi mweupe. Gari limechemsha. Dereva akashuka, akazunguka, akarudi nyuma, akatafuta chini ya kiti. Akasimama.

"Dumu langu."

Akainua macho kwa bibi.

"Bibi, dumu langu limebaki Haneti kwa sababu ya kinu chako."

Nilitegemea bibi amrudishie. Badala yake alishuka polepole, maana goti moja lilikuwa linamsumbua, akaenda katikati ya korongo akawa anautazama mchanga kama mtu anayesoma barua. Akaacha sehemu tatu nzuri tu kwa macho yangu, akachagua ya nne, kwenye kona, akapiga magoti. "Njoo hapa, mke mwenzangu," akaniita, ndivyo alivyoniita siku zote, akidai nimekuja kumnyang'anya mumewe. Tukachimba kwa mikono. Dereva alicheka kwanza. Mchanga ulipoanza kuwa wa baridi akaacha kucheka, na ulipofika kwapani kwangu maji yakaanza kupanda, ya rangi ya chai ya maziwa, halafu yakatulia yakawa meupe. Mtu wa Tabora akashika kichwa.

Sasa, maji yapo, ya kuchotea nini? Babu alikuwa na tenga la jogoo. Dereva hakuwa na kitu. Akaitazama ngoma, akaitazama tena, ukiipindua ile ngozi chini ni pipa zuri kabisa.

"Usithubutu," bibi akamwambia, na safari hii haikuwa utani.

Akakichukua kibuyu. Akakaa nacho kidogo. Mimi nilijua kilichomo, na nilijua ni ya nani, nikasema, "Bibi, hayo si..." Akanikata jicho. Akatoa kizibo, akampa dereva kwanza.

"Kunyweni. Ni maziwa ya harusi."

Tukanywa wote wanne tukiwa tumesimama kwenye mchanga. Hakuna aliyefanya mzaha. Yalikuwa mazito, yana harufu ya moshi, yana uchachu unaokubana nyuma ya taya. Babu alipomaliza alifuta mdomo akasema "Mungu awape watoto," akarudi kwa jogoo wake. Nimekula vyakula vingi kwenye harusi nyingi, pilau za mjini nimekula, lakini nikiulizwa chakula cha harusi namkumbuka mtu wa Tabora na mstari mweupe juu ya masharubu.

Sasa hapa ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa la mtu aliyelelewa kwetu tu. Mwingine angekisugua kibuyu mpaka king'ae. Bibi alikisuuza mara moja, haraka, akamwaga. Kibuyu kilichoiva moshi ukikiosha sana umekiua, mikono yake ilijua hivyo tangu utoto, haikuweza kufanya vingine. Mafuta ya siku tatu na masizi ya miaka yakabaki humo. Akachota, dereva akamimina kwenye rejeta, akachota tena, mpaka ikajaa. Gari likawaka. Tukapiga makofi.

Tukaenda mwendo mrefu vizuri tu. Kisha harufu ikaanza. Mwanzoni ilikuwa tamu, kama samli jikoni, babu akasema, "Kuna kaya inapika hapa karibu." Halafu ikaungua. Halafu lori likakohoa, likasimama kabisa, na dereva alipofungua kifuniko kwa kitambaa yakatoka mabonge, meupe na meusi, yanatoa povu.

Alikaa chini barabarani, mtu mzima.

"Bibi, hili lori limekunywa maji ya bwawa. Limekunywa mpaka chai. Mtindi ndiyo leo."

"Lilikuwa na njaa, mtani," bibi akasema. Lakini macho yake hayakucheka. Akatazama jua. Saa nne ilikuwa imeshapita.

Hapo gari haliendi mpaka fundi aje, na fundi yuko mjini. Tulikuwa tumebakiza mwendo wa saa nne tano kwa miguu. Bibi akamkabidhi dereva kile kibuyu, kibuyu chake cha ujana, akamwambia, "Utahitaji cha kuchotea. Sasa kimekwisha kuoshwa." Akanitengenezea ngata kwa kipande cha khanga, akaniweka ngoma kichwani, ngozi ikatazama juu. Tukaanza kutembea.

Nitakwambia ukweli, nililia. Jua la kule kwetu mchana halina mchezo, kivuli chako kinajificha chini ya nyayo. Mama mmoja alitupa maji na karanga za kuchemsha, tukala tunatembea. Bibi alikuwa anaburuza lile goti, anaacha mstari vumbini. Nikamwambia, "Bibi, turudi. Harusi imekwisha, na maziwa hatuna."

Hakusimama. "Mimi kwa mdomo wangu nilisema sina binti," akasema. "Amekaa na neno hilo misimu miwili. Leo nisipoonekana, atakaa nalo mpaka afe. Tembea."

Sikulia tena. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililielewa, na nikaona ngoma imepungua uzito.

Tuliingia Makutupora saa kumi na moja na zaidi. Mashamba ya mizabibu yalikuwa mistari na mistari, nguzo na nyaya, na hewa imejaa utamu uliochacha kidogo wa zabibu zilizoanguka. Kwa mbali tulisikia watu wanaimba. Mama mmoja alikuwa anarudi na sufuria tupu kichwani, bibi akamsalimu, akamuuliza.

"Aaa, mmechelewa jamani," yule mama akasema. "Chakula kimeliwa. Bi harusi aligoma kutoka pale tangu saa nane, anasema anasubiri mtu. Wakwe wakachoka. Ndio hao wanamchukua sasa hivi."

Nyimbo zilikuwa zinakwenda, zinatuacha. Mimi ningeweza kukimbia, bibi asingeweza. Alisimama katikati ya kijia, mizabibu huku na huku, akanyoosha mikono.

"Leta."

Akapiga magoti pale pale na lile goti bovu, akaibana ngoma. Hatukuwasha moto, na wala hakukuwa na haja. Ile ngozi ilikuwa imeanikwa juu ya kichwa changu kutwa nzima. Alipoipiga mara ya kwanza nilishtuka mwenyewe. Haijawahi kulia vile, si kabla wala baadaye. Lori lingetufikisha asubuhi, ngoma ikiwa na mafua yake, tungeiotesha moto wa haraka haraka kama ilivyo kawaida. Sasa ilikuwa imekaza kama chuma.

Tatu, nzito. Akanyamaza.

Kule mbele nyimbo zikakatika. Shamba zima kimya, nasikia hata nyuki. Akaachia ya nne.

Akaanza tena. Tatu. Akanyamaza, mikono juu. Na kabla hajaishusha ya nne tukasikia majani yanapasuliwa, na mama mdogo akatokea katikati ya mistari ya mizabibu, gauni jeupe, viatu mkononi, shela imebaki kwenye waya nyuma yake. Akasimama mbele ya bibi, anahema.

"Mama, umechelewa."

"Nilikuwa nampikia dereva maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yako," bibi akasema. "Ya yule wako wa kijivu."

Mama mdogo akakaa chini. Kwenye vumbi, na gauni lile la kuazima. Akaegemeza paji la uso kwenye ngoma, na bibi akaweka kiganja kichwani kwake, akaishusha ile ya nne polepole, kwa mkono mwingine, kama anagonga mlango. Wakwe walipofika wamekasirika walikuta hivyo. Hasira ikaisha. Bwana harusi, yule asiye na ng'ombe, ndiye aliyeanza kuruka. Walicheza kwenye kijia kile mpaka jua likagusa nguzo, na bibi hakuinuka, nadhani hakuweza, alipiga amepiga magoti mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata dereva alikirudisha kibuyu Haneti kwa heshima zote. Kilinuka dizeli. Hakikuwahi kugandisha maziwa tena, bibi akakitundika ukutani tu, na wageni wakikiulizia anasema kiliwahi kwenda harusini.

Bibi alikwenda zamani. Ngoma niliachiwa mimi, na mimi mkono wangu mzito, sikujifunza. Panya walitoboa ngozi nikawa naweka karanga ndani. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yale makorongo sasa yana madaraja, mjukuu wangu anayapita anasikiliza muziki, hajui kama chini kuna maji wala pa kuchimba, na hata mimi sina hakika kama ningechagua kona ile ile. Shamba la zabibu pale limekatwa viwanja, kila mtu na ukuta wake. Na siku hizi hakuna anayechelewa kwa namna ile. Ukiwa njiani simu inakuonyesha ulipo, wanajua umefika daraja gani, wanajua utabisha hodi saa ngapi. Hakuna tena mtu anayekaa kutwa ametega sikio.

Gari letu lilipata maji, mwenye duka wa karibu alituuzia chupa tatu, tukapoteza nusu saa tu. Tulipofika Makutupora nikamwambia mjukuu anishushe kwenye kona, mbali kidogo na nyumba.

"Bibi, ni palepale, nakufikisha mpaka getini."

"Nishushe."

Nikatembea katikati ya kuta zile, pale palipokuwa kijia. Mama mdogo siku hizi haoni vizuri, anakaa uani kutwa kwenye kiti chake. Ngoma sina. Nikapiga makofi, matatu, kwa nguvu zangu zote za uzee. Nikanyamaza. Watoto waliokuwa wanacheza wakanitazama. Nikapiga la nne.

Ndani ya ukuta ikatoka sauti kavu, ya kizee, inajikaza isicheke.

"Umechelewa."

Nikaingiza mkono mkobani nikaishika ile chupa.

"Nimechelewa, mama. Ila safari hii maziwa yamefika."